Jino Lisiloonekana: Kukata Mfuo kwa Msumeno wa Meza

Nyumba nyingi za askari hapa Juba zinafanana kwa mambo mawili: vumbi la kiangazi na uhaba wa makabati. Unga hukaa katika gunia, sahani hukaa katika beseni, na sare iliyopigwa pasi usiku hukutwa asubuhi imekwisha kuchafuka. Si ajabu, basi, kwamba akina baba wengi wenye ujuzi kidogo wa useremala wameamua kujitengenezea makabati wenyewe, na wengine huuza mawili matatu kwa majirani ili kuongezea mshahara. Mbao nazo hazituishi. Misaji, ambayo mafundi huiita mitiki, ilipandwa tangu zamani za utawala wa Kiingereza huko Loka na Kagelu, karibu na Yei, na kule Nzara. Na plaiwudi huingia kwa malori kupitia barabara ya Nimule.

Kabati lililo bora halisimami kwa misumari peke yake. Husimama kwa mifuo. Mfuo ni ule mfereji mwembamba unaochongwa ndani ya ubao ili ubao mwingine upate kuingia humo na kukaa imara. Paneli ya mlango huingia katika mfuo wa fremu yake. Sakafu ya droo huingia katika mifuo ya mbavu zake. Rafu hukaa katika mfuo uliokatwa kukingama ubavuni mwa kabati. Zamani mfuo ulichongwa kwa randa na patasi, na kazi ilichukua siku nzima. Leo msumeno wa meza huimaliza kwa dakika chache. Lakini kazi hiyo ya dakika chache yaweza kuacha jeraha la maisha, na ndiyo sababu tumeona yafaa tuizungumze juma hili kwa makini.

MKONO WA SAJINI

Jirani yangu mmoja ni sajini mstaafu. Alikaa msituni miaka mingi kabla ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, na akarudi nyumbani na viungo vyake vyote. Siku moja nilipomtembelea nilimkuta ameketi barazani, mkewe akimfunga vifungo vya shati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Nikamwuliza, "Mzee, haya yametokea lini?"

Akanijibu pasipo kuinua macho, "Mwalimu, mkono huu ulipita katika vita ukarudi mzima. Umekuja kuliwa na kabati."

Alinieleza kwamba alikuwa akikata mifuo ya fremu za mlango. Kikinga cha msumeno kilizuia ubao usipite, naye akakiondoa. Fremu ndefu mbili zilikatika vema. Ya tatu ilikuwa fupi, haikufika hata futi moja, naye aliisukuma kwa mkono mtupu. Ubao ule ulishtuka, ukaruka nyuma, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukaanguka mahali ulipokuwa ubao. Kabati lile liko jikoni mwake mpaka leo, nalo halina milango.

Yaliyompata sajini huyu si bahati mbaya isiyo na sababu. Yana sababu tatu, na kila moja yazuilika.

KWA NINI MFUO NI HATARI KULIKO KUPASUA

Mtu apasuaye ubao huona bledi, yaani ile sahani yenye meno, ikichomoza juu ya mbao. Jicho likiiona, mkono huiogopa. Katika kukata mfuo mambo hugeuka. Bledi huinuliwa kidogo tu, milimita saba au kumi, na wakati wote hufunikwa na ubao wenyewe. Seremala haoni kitu ila ubao unaoteleza kwa utulivu juu ya meza. Mkono husahau. Halafu ubao unapofika mwisho, meno huibuka ghafula nyuma yake, mahali pale pale ambapo kiganja kinasukuma. Kila askari amefundishwa kwamba adui aliyejificha ni wa kuogopwa kuliko yule anayeonekana. Na jino la mfuo ni adui aliyejificha.

Sababu ya pili ni kwamba vikinga vya kawaida haviwezi kubaki mahali pake. Kikinga cha juu mara nyingi hushikwa na ule ulimi wa chuma ulio nyuma ya bledi, ambao kazi yake ni kuzuia ubao usiibane bledi. Ulimi uliosimama juu kuliko bledi huugonga ubao wenye mfuo, kwa kuwa mfuo haupasui ubao hadi upande wa pili. Fundi huviondoa vyote viwili, na aghalabu husahau kuvirudisha.

Sababu ya tatu ni mwendo. Tuchukue bledi yenye kipenyo cha milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika. Kila jino lake husafiri zaidi ya mita 50 kwa sekunde, yaani kama kilomita 188 kwa saa. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kurudi nyuma kwa kasi hiyo. Ubao ukipinda na kuibana bledi, meno ya nyuma huuinua na kuutupa kwa yule anayeusukuma.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi zetu peke yake. Huko Marekani, kwa makadirio ya tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, watu wapatao 30,000 hutibiwa kila mwaka kwa majeraha ya misumeno ya meza. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Steve Gass, alibuni msumeno unaosimama wenyewe mara unapogusa mwili. Lakini mashine za namna hiyo ni ghali, na nyingi ya misumeno tunayoiona katika karakana zetu ni meza za chuma zilizochomelewa na mafundi, zenye mota na mkanda, bila kikinga wala ulimi. Nchini Uingereza, mwongozo wa usalama kazini hukataza kukata mifuo kwa msumeno wa meza isipokuwa bledi imekingwa barabara. Kanuni hiyo ni njema, nasi tutaifuata.

KUTAYARISHA MASHINE

Kabla ya jambo lolote, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Askari hasafishi bunduki kabla ya kuhakikisha kwamba haina risasi. Vivyo hivyo, usiiguse bledi kwa kidole hali waya ungali umechomekwa.

Kagua meno. Jino butu halikati bali husugua, nalo humlazimu fundi kusukuma kwa nguvu. Na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Wenye kutumia mitiki waangalie zaidi, maana mti huo una chembechembe kama za mchanga ndani yake na huyamaliza meno upesi.

Kama ulimi wa mashine yako waweza kushushwa hadi chini kidogo ya kilele cha bledi, ushushe na uuache hapo. Kama hauwezi, uondoe, lakini uuweke juu ya swichi ili usiweze kuiwasha mashine kwa kazi nyingine kabla ya kuurudisha.

Kisha angalia kiegemeo, yaani kile chuma au ubao ulionyooka ambao mbao huegemezwa wakati wa kusukumwa. Lazima kiwe sambamba na bledi. Weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi kiegemeo likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono hadi jino hilo liwe nyuma, upime tena. Vipimo vikitofautiana, rekebisha. Kiegemeo kinachosogea karibu na bledi kwa nyuma huubana ubao, na ubao uliobanwa hurushwa.

VIPIMO VYA MFUO

Tuseme unatengeneza mlango wa kabati. Fremu zake zina unene wa milimita 22 na upana wa milimita 70, na paneli ni plaiwudi ya milimita 6. Bledi ya kawaida hukata njia yenye upana wa milimita 3 hivi. Weka kiegemeo milimita 8 kutoka kwenye bledi, na uinue bledi milimita 10. Simamisha fremu kwa ukingo wake, upitishe mara moja. Kisha igeuze ili uso wa pili uegemee kiegemeo, upitishe tena. Utapata mfuo wa milimita 6 ulio katikati kabisa, na kila upande utabakiza milimita 8. Huna haja ya kusogeza kiegemeo hata kidogo.

Lakini usiamini maandishi yaliyopigwa kwenye plaiwudi. Iliyoandikwa milimita 6 mara nyingi hupungua. Jaribu kwanza katika kipande kisichohitajiwa, chenye unene ule ule, uingize plaiwudi yenyewe. Iingie kwa kusukumwa na vidole, isilegee wala isihitaji nyundo.

Kwa mbavu za droo na za kabati, ambazo hulazwa mezani, mfuo usizidi theluthi ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 22 uchimbwe milimita 7. Ukizidisha, ubao utadhoofika hapo hapo.

KUJENGA HANDAKI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kwa kuwa kikinga cha kiwanda kimeondoka, yapasa fundi ajenge kingine. Njia iliyo rahisi ni kuufanya ubao upite kama ndani ya handaki.

Kwanza, funga kwenye kiegemeo ubao mwingine mrefu ulionyooka, wenye kimo cha milimita 150, ili fremu iliyosimama ipate mahali pa kuegemea isiyumbe. Pili, kwenye ubao huo funga gogo dogo la mbao juu tu ya mahali fremu itakapopita, liwe refu kuliko sehemu ya bledi inayochomoza, mbele na nyuma. Gogo hilo ndilo paa. Tatu, funga mezani, upande wa pili wa bledi, kipande cha mbao kilichonyooka kiwe ukuta. Kiache nafasi ndogo sana ili fremu iteleze bila kubanwa. Mwisho, kabla ya kufika kwenye bledi, funga ubao wa kubania uliokatwa meno kama kitana, unaosukuma fremu ielekee kiegemeo. Huo usiwekwe kando ya bledi, maana utauziba mfuo juu ya meno.

Handaki likikamilika, jaribu kuigusa bledi kwa kidole mashine ikiwa imechomolewa. Kidole kikiweza kufika, handaki halijakamilika.

WAKATI WA KUKATA

Vua pete na saa. Kunja mikono ya sare ipite viwiko. Usivae glavu, kwa kuwa jino likiushika uzi wa glavu huuvuta mkono mzima. Vaa miwani ya kukinga macho, na ufunge pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la mbao ngumu, likivutwa miaka mingi, limethibitishwa kuleta saratani ya pua.

Simama kando kidogo, usiwe katika mstari mmoja na bledi. Vidole visikaribie bledi kuliko sentimita 15. Sehemu ya mwisho ya ubao isukumwe kwa kijiti chenye pengo mwishoni mithili ya mdomo wa ndege, wala si kwa kiganja. Sukuma kwa mwendo mmoja hadi ubao uipite bledi kabisa; usisite katikati, wala usiuvute kurudi nyuma. Halafu zima, ungoje bledi isimame yenyewe. Bledi iliyozimwa huendelea kuzunguka, na majeraha mengi hutokea katika sekunde hizo chache.

Yako mambo manne ambayo tunayakataza bila kificho. Usipitishe kipande kilicho kifupi kuliko sentimita 30. Kata mfuo katika ubao mrefu, kisha ndipo uukate vipande. Laiti sajini wetu angefanya hivyo, angekuwa na vidole vyake. Usikate mfuo wa kukingama kwa kuegemeza ncha nyembamba ya ubao kwenye kiegemeo, maana itageuka na kurushwa. Tumia kiongozi kinachoteleza katika mfereji wa meza. Usiushushe ubao kutoka juu ya bledi inayozunguka ili kupata mfuo unaoishia katikati. Mfuo wa namna hiyo uchongwe kwa patasi. Na usikate mfuo wowote bila kiegemeo, kwa kuamini jicho na mkono tu.

Kwa mtu mwenye mlango mmoja wa kutengeneza, ushauri wetu ni kwamba autumie mkono. Randa ya mfuo, au msumeno wa mkono na patasi kali, humaliza fremu nne katika muda wa asubuhi moja. Mashine ina faida kwa yule mwenye milango kumi.

JENERETA NA WATOTO

Karakana nyingi za Juba huendeshwa kwa jenereta. Jenereta dogo lisilolingana na mota huifanya bledi kulegea katikati ya mfuo, na fundi hujikuta akisukuma zaidi. Likilegea, zima, upunguze kina cha mfuo na kukata kwa awamu mbili, milimita tano kwa tano.

Lakini hatari kubwa zaidi ni umeme unapokatika. Bledi husimama, fundi huinama kuutoa ubao, mtu mwingine hulijaza jenereta mafuta na kuliwasha, na bledi huamka bila kumwuliza mtu. Umeme ukizimika, mkono wa kwanza uende kwenye swichi. Mwenye uwezo na anunue swichi ya sumaku, ambayo ikikatiwa umeme hujizima na haiwaki hadi ibonyezwe upya.

Akina mama nao wana sehemu yao. Msumeno ukiwa uani, watoto wasiwe uani. Wala mtu yeyote asimwite fundi kwa kumgusa bega au kupiga kelele nyuma yake. Asimame mbele aonekane, angoje ubao upite. Chai haitapoa kwa dakika moja.

AJALI IKITOKEA

Kidole kikikatika, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono juu ya kifua, usiachie hadi damu ipungue. Majivu, unga wa kahawa na mafuta ya jenereta si dawa. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na mfuko wake wapelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa kila saa inayopita hupunguza matumaini.

Nilipomaliza kuandika maneno haya nilimsomea jirani yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akautazama mkono wake, akasema, "Mwalimu, ongeza jambo moja. Waambie kwamba kikinga nilikiondoa kwa dakika tano tu." Nikamwahidi kwamba nitaliongeza, nami nimeliongeza.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa wakitufundisha ushirikiano, lakini mtu aliyepoteza kidole huyajua maneno hayo kila asubuhi afungapo shati. Ndugu msomaji, kabati lisilo na milango laweza kungoja hadi juma lijalo. Jenga handaki kwanza.